KUAMBIWA SI KUSHAURIWA

Hotuba ya mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama wenzake, juu ya shughuli ya ushirika wa kijiji huko Marani, Kisii



Tumeombwa tuseme juu ya namna watu wa kijiji wanavyoweza kuendesha shughuli yao pamoja, wakasikilizana na kukata mashauri bila kuvunja umoja. Sisi si walimu. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, na yaliyobaki tumefundishwa na kazi. Kwa hiyo hatutawasomea kitabu. Tutawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe kwetu Marani, mahali tulipokosea, na njia tuliyoifuata kutoka katika kosa lile.

Tukisema "sisi" twamaanisha wafanyakazi wa reli tuliozaliwa Marani, pamoja na wazee, kina mama na vijana waliobaki nyumbani, maana shughuli ni yetu sote. Lakini kosa lenyewe, sehemu kubwa lilikuwa letu sisi wa reli, na hilo hatutalificha.

Kwa ndugu wasiopafahamu, Marani iko kaskazini ya mji wa Kisii, katika nchi ya Kitutu. Ni nchi ya vilima na mabonde, mvua si haba, na udongo ni mzuri. Walakini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Reli haifiki kwetu. Tangu zamani mtu wa Kisii akitaka treni hushuka mpaka Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901. Wengi wetu tuliiona treni kwa mara ya kwanza siku tuliyokwenda kutafuta kazi.

Kwetu tunapanda ndizi, mahindi, chai na kahawa. Kahawa ina habari yake. Chini ya serikali ya kikoloni Mwafrika alizuiwa kwa muda mrefu asipande kahawa, ikawa zao la masetla. Katika miaka ya 1930 ndipo wakulima wachache wa Kisii, Embu na Meru waliporuhusiwa kupanda, tena miti michache kwa kipimo. Kwetu Kisii, Chifu Musa Nyandusi hutajwa miongoni mwa wale waliotangulia. Mwaka 1945 ikatoka sheria ya ushirika iliyowafungulia Waafrika mlango wa kuandikisha vyama vyao, na baada ya hapo viwanda vya kahawa vya wanachama vikaanza kuonekana mabondeni, karibu na maji.

Sababu ya kahawa kutaka ushirika ni hii. Matunda mekundu yakichumwa leo, yatakiwa yamenywe leo. Yakilala, yanaharibika. Baada ya kumenywa, kahawa hukaa katika tangi mpaka ule utelezi uachie, halafu huoshwa kwa maji mengi safi, ndipo inaanikwa juani juu ya meza. Mtu mwenye miti mia mbili hawezi kununua mashine ya kumenyea, wala kujenga matangi yake peke yake. Tena kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi ya kuuza. Kwa hiyo mkulima mdogo asipojiunga na wenzake hana kitu.

Wazee waliyajua haya, ndiyo maana walichimba misingi ya kiwanda kwa mikono yao. Halafu ikaja mwaka 1989, yale mapatano ya mataifa juu ya mafungu ya kahawa yakavunjika, na bei ikaanguka ulimwenguni kote. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 130,000 za kahawa. Katika miaka mingi ya karibuni haikufika hata tani 50,000. Vyama vikubwa vya ushirika vikagawanyika vipande vipande, na watu wengi wakang'oa miti yao. Kiwanda chetu kidogo kikabaki, wanachama wake mia mbili na kitu, kikijikokota.

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Mashine yetu ya zamani ilikuwa imechoka. Siku za mavuno mengi kina mama walikesha kiwandani na madebe yao wakingojea zamu. Sisi wa reli tulikuwa tumeanza mchango wetu huko huko kazini, kila mwisho wa mwezi kila mtu akitoa kidogo, na fedha zikafika kiasi cha kuonekana. Tukasema, "Tununue mashine kubwa mpya. Sisi tutatoa fungu la kwanza, na lililobaki tukope, deni likatwe katika malipo ya kahawa." Tukampigia simu ndugu yetu mmoja aliyekuwa katika kamati. Yeye akawapelekea wenzake. Kamati ilikuwa na watu saba, wote wanaume, na jioni moja tu shauri likakatwa. Malipo ya kwanza yakapelekwa kwa muuzaji.

Baadaye kamati ikaita mkutano wa wanachama wote. Mwenyekiti akasimama, akasoma karatasi, akasema, "Kamati imeamua kununua mashine mpya, na ndugu zetu wa reli wametusaidia. Mnaonaje?" Watu wakapiga makofi. Katibu akaandika kitabuni, "Wanachama wote walikubali." Nasi huko tuliko tukapelekewa habari, tukafurahi sana, tukaona tumewaletea watu wetu maendeleo.

Mashine ikaja, kweli ni mashine. Inamenya kwa saa moja kazi ambayo ile ya zamani iliifanya usiku kucha. Lakini ilitaka maji mengi kuliko ya zamani, na kahawa ile iliyomenywa kwa wingi ilitaka maji mengi zaidi ya kuosha. Mavuno ya mwisho wa mwaka yalipofika, mvua ikakatika na kijito kikapungua. Kahawa ikakaa matangini siku nyingi kuliko inavyopasa. Ikaanza kunuka. Ndugu, kahawa iliyokaa sana katika tangi, gunia zima likipimwa na waonjaji hushushwa daraja, na bei yake hushuka nayo. Malipo yalipotoka, deni la mashine lilikatwa kwanza. Kuna mama aliyekuwa amepeleka kahawa msimu mzima, akapokea fedha zisizofika hata karo ya mtoto mmoja.

Hapo maneno yakaanza. Wengine wakapeleka matunda yao kwa madalali usiku, wakauza kwa bei ya kutupa ili wakwepe deni. Wengine wakang'oa miti wakapanda majani ya ng'ombe. Wengine wakasema mwenyekiti amekula, ingawa hesabu zilipokaguliwa hakuna senti iliyopotea. Watu wa ng'ambo hii ya bonde wakataka kujitenga na wa ng'ambo ile, kila mmoja awe na chama chake. Kama wangefanya hivyo, hakuna upande ambao ungeweza kulipa deni, na kiwanda walichokijenga wazee kingefungwa.

Ukaitwa mkutano wa dharura, nasi wachache tukaomba ruhusa kazini tukaenda. Makelele yalikuwa mengi. Mwishowe akasimama bibi mmoja mzee, omong'ina wa miaka mingi, ambaye hatujapata kumsikia akisema mkutanoni. Akasema, "Wanangu, ninyi mlituambia. Hamkutuuliza. Maji ya kijito kile tunayachota sisi kila siku. Tangu ile mikalitusi ipandwe kule juu, kila kiangazi maji yanapungua, na sisi twajua yanafika jiwe gani. Mngetuuliza, tungewaambia."

Kijana mmoja akamjibu, lakini kwa adabu, "Bibi, siku ile ya mkutano ulikuwapo. Mbona hukusema?"

Yule bibi akasema, "Siku ile fedha zilikuwa zimekwisha kwenda. Ningesimama niseme nini? Niwaaibishe watoto wetu wa reli mbele ya watu, nao wametoa fedha zao? Mlituita tupige makofi, tukapiga."

Ndugu wanachama, tulinyamaza kimya. Hakuna aliyekuwa na jibu. Katika kitabu cha katibu imeandikwa kwamba wote walikubali, na kumbe hakuna aliyekuwa ameulizwa. Mashine ilikuwa nzuri, fedha zilikuwa safi, na kamati haikuiba. Kilichotutia hasara ni kwamba habari moja iliyohitajiwa ilikuwa ndani ya vichwa vya watu ambao hakuna aliyewaendea kabla ya kukata shauri.

Sisi wa reli tuliona haya kuliko wengine, kwa sababu kazi yetu wenyewe ilikuwa imetufundisha jambo hili. Ninyi nyote mnaijua kazi ya njia moja. Mkuu wa stesheni anayo treni mbele yake, dereva yu tayari, abiria wamekaa, na bado hawezi kuitoa. Lazima kwanza amwulize mwenzake wa stesheni ya mbele, "Njia i wazi?" Yule wa mbele haitiki tu kwa desturi, hutazama njia yake, akajua kuna nini, ndipo hujibu. Jibu likirudi huandikwa katika kitabu pamoja na saa yake, na dereva hupewa idhini mkononi. Pasipo jibu, treni haiendi, hata awe amepanda mkubwa gani.

Sasa fikirini mkuu wa stesheni anayeitoa treni kwanza, halafu anapiga simu mbele kusema, "Treni imeondoka, mnaonaje?" Je, huyo ameuliza njia? Hapana, ametangaza ajali. Na hivyo ndivyo tulivyofanya Marani. Treni ilikuwa imekwisha kutoka, ndipo tukauliza.

Wala wazee wetu hawakuwa wajinga wa mambo haya. Abagusii wanao ushirika wa kazi tangu kale. Kuna risaga, ambapo majirani wa mahali pamoja hujikusanya kumsaidia mmoja wao kulima au kuvuna, naye huwaandalia chakula na kinywaji. Kuna na egesangio, kikundi kidogo, hasa cha kina mama, wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Tazameni jinsi egesangio inavyokwenda. Hakuna anayetoka mbali akawaambia walime wapi kesho. Wale wenye majembe mkononi ndio wanaopatana zamu, na kila mmoja husema siku yake akiwa bado ana nafasi ya kukataa. Mmoja akiwa na mgonjwa nyumbani, zamu hubadilishwa hapo hapo. Ushauri hutangulia kazi. Sisi tuliposhika fedha na simu tukadhani mambo hayo ni ya zamani.

Nasi vyama vya wafanyakazi tunayo habari kama hiyo. Mwezi wa Januari 1947, kule Mombasa, wafanyakazi wapata 15,000 waliweka kazi chini, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Hawakuwa na magazeti makubwa ya kuwaongoza, wala simu. Walikuwa na uwanja Majengo ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Wakati wa mgomo walikutana pale kwa maelfu, siku kwa siku, wakapashana habari na kushauriana. Watu wa makabila mengi na kazi nyingi walisimama pamoja karibu majuma mawili. Mtu aliyekuwa uwanjani jana, akasikia sababu na kusema lake, hakuhitaji kusukumwa leo.

Tena kwa jirani zetu wa Tanzania kuna fundisho jingine, na hili ni la kijiji hasa. Karibu na Songea, mkoani Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, na Ntimbanjayo Millinga alikuwa mmoja wa viongozi wao. Walilima pamoja, wakajenga shule yao, na mambo makubwa waliyakata wenyewe katika mkutano wa wanakijiji. Vijiji vingine vikafuata, hata vikafika kama 17, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walipata kuwa na kinu chao cha kusagia nafaka na kiwanda cha kupasulia mbao. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu. Lakini mwezi wa Septemba 1969 wakuu wa chama cha TANU walikivunja chama kile, na mali yake ikachukuliwa. Miaka michache baadaye, tangu 1973, watu wa vijijini nchini mwote waliamriwa wahamie katika vijiji. Ndugu, kule Litowa watu walishauriana, wakaingia kwa hiari na kufanya kazi kwa moyo. Katika lile la pili watu waliambiwa, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Jina lilikuwa moja, ujamaa, na mambo yalikuwa mawili mbalimbali.

Turudi Marani. Baada ya maneno ya yule bibi, mkutano haukuvunjika. Tulikaa mpaka jua likashuka, na tangu siku ile tumejiwekea taratibu nne. Twawaeleza, maana pengine zitawafaa na ninyi.

Kwanza, tulijigawa katika vikundi vidogo, kila kikundi nyumba kama kumi zinazokaribiana. Jambo kubwa likija, kamati hailipeleki moja kwa moja katika mkutano mkuu. Hupelekwa kwanza katika vikundi, kwa lugha ya nyumbani, na gharama yake yote ikitajwa. Vikundi hukaa nalo. Katika mkutano wa watu mia mbili wasemaji ni wale wale watano. Lakini katika nyumba kumi, hata mtu mwenye haya husema, na mama akisema mbele ya jirani zake haonekani anamwaibisha mtu. Sheria ya ushirika ya mwaka 1997 iliandika kwamba mkutano mkuu uitwe kwa taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 15. Zamani sisi tulizihesabu siku zile kama za kungojea tu. Sasa ndizo siku za vikundi kushauriana.

Pili, kila kikundi huleta watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, nao hueleza kikundi kimesema nini, sio wao wanaonaje. Tena kamati hurudia maneno yale kwa sauti, "Ninyi mmesema hivi," ili wenyewe wasahihishe kama yamesikiwa vibaya. Jambo hili tumelitoa katika kazi ya reli. Ujumbe usiorudiwa haujulikani kama umefika.

Tatu, tuliandika ni mambo gani kamati yaweza kuyakata peke yake, na yapi haiwezi. Maana na hili lazima tuliseme: kuna ndugu watakaouliza, mtashauriana mpaka lini? Kahawa imeiva, ukanda wa mashine umekatika saa mbili za usiku, mwite mkutano wa siku 15? Swali hilo ni la haki. Mashauri ya wengi yana gharama yake, nayo ni wakati. Kwa hiyo ukanda ukikatika, kamati hununua usiku huo huo, na kesho yake hubandika ubaoni bei na stakabadhi. Lakini kukopa, kununua mtambo, kuuza ardhi, kubadili mahali pa kuuzia kahawa, au kuandika mtu kazi ya kudumu, hayo ni ya wanachama wote. Kamati iliyopewa mpaka wake hufanya kazi bila woga, na wanachama hawaishuku kwa kila msumari.

Nne, kura huja mwisho, sio mwanzo. Wahenga walisema, wengi wape. Nasi twawapa. Mtu mmoja ni kura moja, mwenye miti hamsini na mwenye miti elfu, kama walivyofanya wale mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844. Lakini wachache walioshindwa, sababu zao huandikwa kitabuni. Pengine mwaka ujao zitaonekana kuwa ndizo za kweli, na hapo hakuna atakayesema, "Hatukujua."

Na sisi wa reli nasi tuliwekewa mpaka. Wahenga wana neno jingine, asiyekuwapo na lake halipo. Kwa muda tulidhani neno hilo linatuonea sisi tulio mbali, kwa hiyo tukaligeuza kwa nguvu ya fedha, lake asiyekuwapo likawa ndilo la kwanza. Sasa tumekubaliana hivi: sisi tulio kazini ni kikundi kimoja kati ya vikundi vyote. Tunapata taarifa pamoja na wengine, tunatoa shauri letu kwa njia ile ile, na mchango wetu hautuongezei kura. Simu ya mkononi ni chombo kizuri, nasi twaitumia. Walakini simu iliyo mkononi mwa mtu mmoja wa kamati si sikio la kijiji, na kina mama wengi hawakuwamo katika maneno yale yaliyopita simuni. Kwa hiyo kila tangazo hubandikwa pia kiwandani karibu na mizani, na karani hulisoma kwa sauti wakati watu wanapopima matunda, kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Mtauliza, je, kuna faida iliyopatikana? Tutasema kweli tupu. Deni halijaisha, twaendelea kulilipa. Waliong'oa miti hawajairudisha yote. Lakini shauri la kwanza tulilolikata kwa taratibu hizi lilikuwa la maji, nalo lilianza na kina mama. Wao ndio waliotuonyesha kwamba usiku kijito kinatiririka bure na mchana kinatumika chote. Tukakubaliana kujenga tangi la kukusanya maji ya usiku. Vikundi vilichimba na kubeba mawe kwa risaga, kila kikundi siku yake, na sisi wa reli tukanunua saruji, maana safari hii ndilo tuliloombwa. Maji ya kumenyea tunayazungusha tena, tukaacha yaliyo safi kwa kuoshea. Siku za kiangazi tunapokea kahawa kwa zamu za vikundi, ili matangi yasijae kupita maji tuliyo nayo.

Ile mikalitusi ilikuwa ya mwanachama mmoja mzee. Hapakuwa na aliyekwenda kuikata kwa hasira. Alishauriwa kwanza katika kikundi chake, mara tatu. Mara mbili alikataa, na sababu zake zikasikilizwa, maana miti ile ndiyo iliyokuwa akiba yake. Mara ya tatu alikubali kukata mistari iliyo karibu na maji, na wanachama wakamsaidia kupasua na kuuza mbao. Huyo leo ndiye anayekilinda kijito kuliko sisi sote. Angeamriwa, pengine angekata miti, lakini angekuwa adui yetu mpaka kaburini.

Msimu uliofuata kahawa haikunuka. Malipo hayakuwa makubwa, lakini yalieleweka, na hakuna aliyesema tena neno la kugawanya chama.

Ndugu wanachama, tumewaletea habari hii hapa, wala hatukuiacha Marani, kwa sababu chama chetu cha wafanyakazi nacho ni shughuli ya pamoja. Sisi nasi tuna kamati, tuna ada inayokatwa katika mishahara, tuna mapatano yanayotiwa saini kwa jina letu. Mara ngapi tumesomewa mapatano yaliyokwisha kutiwa saini, tukaulizwa "mnaonaje," tukapiga makofi? Na mara ngapi sisi wenyewe, tulipoitwa kabla ya mapatano, hatukwenda, tukasema viongozi wapo? Makosa hayo mawili ni ndugu. Kiongozi asiyeuliza na mwanachama asiyehudhuria wanasaidiana kukiua chama.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili tu. Viongozi, kabla hamjakwenda kuzungumza na waajiri, leteni madai katika kila karakana, kila stesheni na kila gengi la njia, mwulize hata yule anayefagia mabehewa, maana pengine yeye ndiye anayejua maji yanafika jiwe gani. Nanyi wanachama, mkiulizwa, semeni wakati ule ule, treni ikiwa bado imesimama. Ikiisha kutoka, maneno hayatairudisha.

Yule bibi wa Marani siku hizi ni mmoja wa wawili wanaolisemea kundi lake. Mara ya mwisho tulipokwenda nyumbani tulimkuta kiwandani, ameketi kando ya mizani, anamsikiliza karani akisoma tangazo. Karani alipomaliza akamwambia, "Rudia pale penye bei." Karani akarudia.

Kama tumekosea neno, mtusahihishe hapa hapa, kabla halijapigwa chapa.